Nyigu na Karatasi Zetu



Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunamjua nyigu kwa uchungu wake kuliko kwa kazi yake. Kiota chake kilipoonekana chini ya paa, dawa ilikuwa moto na moshi. Lakini kiota hicho chepesi, cha rangi ya kijivu, ni karatasi halisi, nacho kina sehemu yake katika historia.

Nyigu hukwangua mti mkavu kwa taya zake, akautafuna pamoja na mate mpaka ukawa rojo, kisha akalitandaza jembamba. Likikauka ni karatasi. Vyumba vyake vina pembe sita, navyo si vya asali bali vya kulelea watoto. Viota vingi huning'inia kwenye kikonyo kimoja tu, na baadhi ya nyigu hukipaka majimaji ya kufukuza sisimizi.

Zamani Ulaya ilitengeneza karatasi kwa matambara. Ujuzi ulitoka China, ambako magome ya miti yalikuwa yakitumika tangu kale, ukapitia kwa Waarabu. Hata neno letu karatasi tumelipata kwao. Vitabu vilipozidi, matambara yakaadimika. Mwaka 1719 Mfaransa René de Réaumur aliwaeleza wanasayansi wenzake wa Paris kwamba nyigu anatufundisha kutoa karatasi kwenye miti bila tambara hata moja. Walimsikiliza, basi.

Kuanzia 1765 mchungaji Jacob Christian Schäffer wa Regensburg, Ujerumani, alijaribu mbao, majani, hata viota vyenyewe vya nyigu. Mwaka 1844 Friedrich Gottlob Keller, mfumaji wa Saxony, alisaga mti kwa jiwe la kunolea lenye maji akapata rojo. Mwaka huohuo Charles Fenerty wa Nova Scotia, Kanada, alipeleka gazetini kipande cha karatasi ya mti. Kutoka wazo hadi kazi, miaka 125! Na Keller, kwa kukosa fedha, aliiuza haki ya uvumbuzi wake.

Karatasi ikawa rahisi, magazeti yakaenea, hata ya kwetu kama Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Lakini urahisi huo una gharama. Ndani ya mti mna lignini, ambayo kwa mwanga na hewa huigeuza karatasi kuwa ya njano. Asidi nayo huifanya ivunjike kama biskuti. Karatasi nyingi za matambara za karne zilizopita ni imara kuliko gazeti la miaka ya 1960.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi tulio mbali. Barua za wazazi wetu, na magazeti tuliyofungia vitu tuliposafiri, mengi ni karatasi ya mti. Kiota cha nyigu kikiharibika, hujenga kingine. Barua ya marehemu haiandikwi tena. Basi tuziweke mbali na jua na unyevu, tuzipige picha, tena tuwaulize wazee majina ya waandishi wake wangali wapo. Anayetaka kuanza, aanze na ile iliyo chini kabisa ya sanduku.