Hema ya Mshita katika Nchi ya Migunga

Hema ya kukutania ilikuwa nyumba ya kufunguliwa, kubebwa na kusimamishwa tena. Kitabu cha Kutoka kinaieleza kwa sura 13, kuanzia ya 25 hadi ya 31 na tena ya 35 hadi ya 40, ilhali uumbaji wa mbingu na nchi umetoshelezwa na sura mbili tu za Mwanzo. Ua wake ulikuwa na urefu wa dhiraa 100 na upana wa dhiraa 50. Dhiraa moja ni kama sentimeta 45, kwa hiyo ua wote ulikuwa robo ekari, kipande ambacho mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu hukilima bila kukiita shamba. Ndani ya ua ilisimama hema yenyewe, dhiraa 30 kwa 10, imegawanywa kwa pazia: mbele Patakatifu, nyuma Patakatifu pa Patakatifu, chumba chenye dhiraa 10 kila upande, hata kwenda juu.

Vifaa vyake ni vya watu wa mifugo na nyika. Mbao 48 za mti wa mshita zilizofunikwa dhahabu ndizo zilizokuwa kuta. Juu yake yalitandazwa mapazia 10 ya kitani, kisha mapazia 11 ya singa za mbuzi, kisha ngozi za kondoo waume zilizotiwa rangi nyekundu, na juu kabisa ngozi ambazo Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inaziita za pomboo. Mshita si mti wa kigeni kwa wasomaji wa Manyara. Jamii moja ya mgunga, ambayo wataalamu wa mimea huiita Vachellia tortilis, huota kutoka jangwa la Sinai hadi nyika za Tanzania, tambarare za Hanang zikiwemo. Sanduku la agano lilichongwa kwa mti wa ukoo huo, ukoo uleule ambao miiba yake huzungushiwa maboma ya ng'ombe.

Wanahistoria wamebishana sana kuhusu umri wa masimulizi haya. Mwaka 1878 Mjerumani Julius Wellhausen alidai kwamba makuhani wa baadaye walilichukua hekalu la Yerusalemu, wakalipunguza na kulirudisha nyuma hadi siku za Musa. Baadaye hoja hiyo ilipata upinzani kutoka chini ya ardhi. Huko Timna, kusini mwa Israeli, Beno Rothenberg alifukua mwaka 1969 mahali pa ibada palipokuwa na mabaki ya kitambaa chekundu na cha njano, dalili kwamba paliwahi kufunikwa kwa hema. Michoro ya kambi ya Farao Ramesses II katika vita vya Kadeshi, karne ya 13 kabla ya Kristo, nayo inaonyesha hema ya mfalme yenye chumba cha ndani na chumba cha mbele. Ushahidi huu hauthibitishi kila kipimo cha Kutoka, lakini unaonyesha kwamba hema takatifu haikuwa jambo lisilofikirika katika zama hizo.

Usomaji wa Kikristo ulianza mapema, ndani ya Agano Jipya lenyewe. Injili ya Yohana inapoeleza kwamba Neno alikaa kati ya watu, kitenzi chake cha Kiyunani kina maana ya kupiga hema. Paulo, katika Warumi 3, anamwita Kristo kwa neno lilelile ambalo tafsiri ya kale ya Kiyunani ililitumia kwa kiti cha rehema, kile kifuniko cha dhahabu kilichonyunyizwa damu Siku ya Upatanisho. Waraka kwa Waebrania unakwenda mbali zaidi: hema ya duniani ni kivuli cha ile ya mbinguni, kuhani mkuu aliyeingia mara moja kwa mwaka ni kielelezo cha Kristo aliyeingia mara moja tu, na pazia ni mwili wake. Hata hivyo mwandishi huyo, baada ya kuvitaja kinara, meza na makerubi, anasema wazi kwamba huo haukuwa wakati wa kueleza kimoja kimoja.

Waliomfuata hawakujizuia hivyo. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, alihubiri juu ya hema kipande kwa kipande. Gregory wa Nyssa, katika karne ya 4, aliona hema yenyewe ni Kristo. Mtawa Mwingereza Bede aliandika kitabu kizima juu yake katika karne ya 8. Cosmas Indicopleustes, mfanyabiashara wa karne ya 6 aliyefika bandari ya Adulis katika Eritrea ya leo, aliamini kwamba ulimwengu wote umejengwa kwa umbo la hema ya Musa. Katika karne ya 19, wahubiri wa Kiingereza kama Henry Soltau walifufua mtindo huo, wakatafuta maana katika kila kigingi na kila kamba. Sehemu kubwa ya mafundisho ya hema yanayosikika leo katika semina za makanisa ya Afrika Mashariki ni ya mtindo huo. Si yote yenye uzito sawa. Pazia na kiti cha rehema vina mizizi ndani ya Agano Jipya. Maana ya vigingi ni mawazo ya wahubiri, hata yakiwa mazuri.

Jambo moja linalopitwa haraka mno ni vitako vya fedha. Kila ubao ulisimama juu ya vitako viwili, na pamoja na vinne vya nguzo za pazia vilikuwa 100, kila kimoja talanta nzima. Fedha hiyo ilikuwa malipo ya fidia ya nafsi: nusu shekeli kwa kila mwanamume aliyehesabiwa, watu 603,550, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Nyumba nzima, pamoja na dhahabu yake, ilisimama juu ya fidia iliyolipwa kwa usawa. Waraka wa kwanza wa Petro, unaposema kwamba wakombolewa hawakununuliwa kwa fedha wala dhahabu bali kwa damu ya Mwana-Kondoo, unagusa msingi huohuo.

Imani hiyo ilifika nyanda za Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia Mapadre Weupe. Mwaka 1943 Mbulu ikawa Prefekturi ya Kitume chini ya Wapalotini wa Ireland, na mwaka 1953 ikawa jimbo, Patrick Winters akiwa askofu wake wa kwanza. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwe walifuata, na hospitali yao ya Haydom ilianza kazi mwaka 1955. Hanang, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Mbulu, ilipokea madhehebu yote mawili.

Wakatoliki walileta hema kwa umbo la kisanduku. Neno la Kilatini tabernaculum lina maana ya hema, na Biblia ya Kilatini ililitumia kwa hema ya Musa. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza Ekaristi itunzwe chini ya ufunguo, na katika karne ya 16 Karoli Boromeo, askofu mkuu wa Milano, alisaidia kueneza desturi ya kuweka kisanduku hicho juu ya altare. Kitambaa kinachokifunika katika makanisa mengi ni kumbukumbu ya hema, na taa inayowaka mbele yake usiku na mchana hukumbusha agizo la Kutoka 27 kuhusu taa isiyozimwa. Katika Kiswahili uhusiano huu ulikatika njiani. Mkatoliki husema tabernakulo akiwa kanisani, kisha husoma hema au maskani akifungua Biblia, na sikio halimwambii kwamba ni neno moja. Kwa upande mwingine Kiswahili kina utajiri ambao Kilatini hakikuwa nao. Maskani limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa mishkan, jina la Kiebrania la hema hiyo, lenye maana ya mahali pa kukaa. Kijana anayesema yuko maskani na wenzake anatumia neno la ukoo wa kale sana.

Walutheri hawakuleta tabernakulo. Kwao uzito uliangukia pazia la hekalu lililopasuka Yesu alipokufa, na sadaka iliyokwisha kutolewa. Kanisa la Kilutheri na la Katoliki katika kijiji kimoja yanaweza kusoma sura zilezile za Kutoka, moja likaona kwamba Mungu bado anakaa humo, jingine likaona kwamba mlango umefunguliwa. Mawazo yote mawili yamo ndani ya Waebrania.

Wenyeji walioupokea ujumbe huo hawakuwa watu wasiojua damu, mafuta wala mpaka. Wairaqw, wakulima na wafugaji wanaosema lugha ya Kikushi, na Wadatooga, wafugaji wenye lugha ya Kinilo, walikuwa na kondoo kama mnyama wa utakaso na wa kuomba mvua. Wairaqw waliitenga nyumba iliyopatwa na kifo au jambo jingine zito, na utengo huo huitwa meeta. Watu wake walikaa mbali na wengine hadi siku zao zitimie. Msomaji wa Mambo ya Walawi 12 hadi 15 kutoka Kainam au Dongobesh hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anaweza kuwa nje ya ua kwa muda bila kuwa mkosaji. Mwanaanthropolojia Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alieleza jinsi nchi ya Wairaqw ilivyogawanywa kwa mipaka iliyowekwa wakfu kwa tambiko. Hema ya Musa nayo ni mpaka ndani ya mpaka: kambi, ua, Patakatifu, Patakatifu pa Patakatifu, na kila hatua watu wanazidi kupungua, hadi anabaki mmoja.

Ngozi nazo zina lugha yake. Vazi la ngozi la mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa si nguo tu. Ni kitu cha heshima ya kidini. Kwa jamii ya namna hiyo, kwamba Mungu alikubali kukaa chini ya ngozi za kondoo si jambo la kudharaulika. Wafasiri wa Kikristo wameona tofauti ya nje na ndani kama picha ya Kristo: ngozi zisizopendeza juu, dhahabu na makerubi ndani.

Jua ndilo linalodai uangalifu mkubwa zaidi. Mungu wa jadi wa Wairaqw ni Looaa, jina linaloshikamana na jua na linalobeba sifa za kike, tofauti na neetlaamee, roho wa chemchemi na maji. Kwa Wadatooga, Aseeta ni Mungu na ni jua. Lango la ua wa hema lilikuwa mashariki, kwa hiyo aliyeingia kuabudu alielekea magharibi na kulipa jua mgongo. Hilo halikuwa jambo dogo: Ezekieli 8 inaeleza watu kama 25 waliolipa hekalu mgongo ili kuliabudu jua la mashariki, na nabii anaambiwa kwamba jambo hilo ni chukizo kubwa kuliko yale aliyotangulia kuonyeshwa. Wakristo wa karne za mwanzo baadaye waligeuza mwelekeo. Makanisa mengi ya kale yalijengwa watu wakisali kuelekea mashariki, kwa sababu Injili ya Luka inamfananisha Kristo na mapambazuko kutoka juu. Ibada ya jua ilikataliwa, lakini macheo yakapokelewa kama ishara. Katika nchi ambayo jina la jua lilikuwa jina la Mungu, tofauti hiyo kati ya kitu na ishara yake ndiyo kiini cha kuhama kutoka imani moja kwenda nyingine, na ndiyo inayostahili kufundishwa kwa subira zaidi kuliko vigingi na kamba.

Mahali pengine ulinganifu unakatika. Wadatooga walihama na ng'ombe, lakini mahali pao patakatifu hapakuhama. Bung'eed, kaburi la mzee mkuu linalojengwa kwa sherehe ya miezi mingi, hubaki pale lilipo, na ukoo hulirudia. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, yalichukua malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatooga, na baadhi ya makaburi hayo yalilimwa kwa matrekta. Hasara hiyo haikuweza kufidiwa kwa kupewa ardhi nyingine, kwa sababu kaburi halina mahali pengine. Israeli ya jangwani ilikuwa kinyume chake: kaburi la Musa halijulikani, na kilicho kitakatifu kilibebwa mabegani kwa miti ya mshita, ambayo Kutoka 25 inakataza isiondolewe kwenye vikuku vya sanduku hata kambi ikiwa imetulia.

Baadaye hema iliwekwa Shilo, kisha Sulemani akajenga hekalu la mawe, nalo likabomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Sanduku halionekani tena katika historia, ingawa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia linaamini kwamba liko Aksum, na kila kanisa lake hutunza tabot, nakala takatifu ya mbao za agano, bila hiyo ibada haifanyiki.

Katika makanisa ya Mbulu na Hanang hema hiyo huonekana wazi zaidi siku ya Ijumaa Kuu. Kwa Wakatoliki tabernakulo huwa wazi na tupu, na taa yake imezimwa. Walutheri husoma habari za msalaba na za pazia la hekalu lililopasuka vipande viwili, toka juu hata chini. Injili zinasema Yesu alikufa saa tisa, na kwa kuwa Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo kama Wayahudi wa wakati ule, saa inayosomwa kitabuni ndiyo saa ileile anayoitaja msomaji alasiri hiyo.