Gurudumu la Aspen

Mwishoni mwa miaka ya 1970 gari moja lilipita katika mitaa ya Aspen, mji mdogo wa milimani huko Colorado, Marekani, likikokota gurudumu la baiskeli. Juu ya gari kulikuwa na kamera, na kila gurudumu lilipotimiza futi 10, yaani kama mita 3, kamera zilipiga picha. Watafiti wa MIT walipiga kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana tu, vivuli visije vikatofautiana sana. Picha zikawekwa kwenye diski za leza. Mtu alikaa mbele ya skrini, akaigusa, akauzunguka mji asiowahi kuukanyaga.

Kinachonivutia mimi ni lile gurudumu. Kamera ya sinema huhesabu muda, kwa hiyo dereva akikanyaga mafuta, mtaa unafupika. Gurudumu lilihesabu umbali. Mwendo haukugandishwa ndani ya picha, aliachiwa mtazamaji. Picha 30 kwa sekunde, unapaa mtaani kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Picha moja kila sekunde mbili, unatembea kwa miguu.

Video za leo za kumtembeza mteja ndani ya nyumba isiyojengwa zimemnyang'anya uamuzi huo. Mtengenezaji huweka kamera hapa, kisha pale, na programu hujaza fremu za katikati. Chukua korido ya mita 10. Mtu wa kawaida huimaliza kwa sekunde 7 hivi. Kwenye skrini sekunde 7 za ukuta mtupu zinachosha, basi zinapunguzwa hadi 3, na mteja anapitishwa kwa kilomita 12 kwa saa. Hiyo ni mbio! Hataona kwamba korido ni nyembamba, wala kwamba haina dirisha. Sisemi kila anayefanya hivyo ana hila. Mara nyingi anaogopa tu kuchosha watu. Lakini anayelipa ndiye atakayeishi humo.

Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilichukua njia nyingine katika miaka ya 1980. Frederick Brooks na wenzake walitengeneza mfano wa kompyuta wa Sitterson Hall, jengo la idara yao wenyewe, likiwa bado kwenye michoro. Waliunganisha hata mashine ya kukimbilia yenye usukani kama wa baiskeli: ukitaka kusogea, sharti miguu yako itembee.

Waliokuwa wahamie humo waliona ukuta mmoja wa kugawa ukumbi wa kuingilia unabana njia ya watu wengi. Wasanifu majengo hawakukubali. Ramani mezani hazikuwashawishi. Wakatembezwa ndani ya mfano wenyewe, na ukuta ukasogezwa. Jengo lilifunguliwa mwaka 1987.