Nyoka wa Kompyuta na Vishamba vya Irente: Nani Aanzishe Mstari?

Ukisimama juu ya jabali la Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, macho hushuka karibu mita 1,000 hadi Mazinde. Kule chini kuna mkonge: safu zilizonyooka, na barabara za shamba zilizokatana kama zimepigwa rula. Sasa geuka nyuma. Huku juu kabichi imepakana na mahindi, mahindi yenyewe yana maharage ndani yake, kahawa imejificha chini ya migomba, na mgrevilea mmoja umesimama pale ambapo majirani wawili wanajua mpaka wao unapita. Kuna programu za kompyuta zinazotakiwa kuchora mipaka ya pande zote mbili hizi kutoka kwenye picha za angani. Mojawapo hulaumiwa kwa sababu haiwezi kuanza kazi bila mtu kuichorea mstari wa kwanza. Hoja yangu ni kwamba lawama hiyo, kwa milima hii ya Usambara, imegeuzwa kichwa chini.

Njia hiyo ilielezwa na Michael Kass, Andrew Witkin na Demetri Terzopoulos katika makala yao ya mwaka 1988, nao waliiita nyoka. Wengine huiita kontua hai, jina ambalo Lushoto litaleta utata, maana huko bwana shamba akitaja kontua watu wanafikiria kingo za majani na miti za kuzuia mmomonyoko, zile zilizohimizwa na mradi wa SECAP tangu miaka ya 1980. Nitabaki na nyoka. Unachora mstari uliofungwa kukizunguka kitu unachokitafuta. Mstari huo hulipa gharama ya ndani kila unapovutika, na nyingine kila unapopinda. Uzito wa gharama hizo mbili huitwa alfa na beta. Picha nayo huuvuta kutoka nje: mstari hupata nafuu unapolala mahali mwangaza unapobadilika ghafla. Kompyuta huusogeza hatua kwa hatua mpaka jumla ya gharama isipungue tena. Ukiutazama kwenye skrini unajinyonganyonga kweli, na ndiko jina lilikotoka.

Kwenye mkonge wa Mazinde kazi hii haina mjadala. Shida huanza kwenye jabali lenyewe. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kama saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa bado mashariki, na uso wa jabali unatazama magharibi. Kwa hiyo kivuli hulala chini yake, na ukingo wa kivuli hicho ni mkali kuliko ukingo wa msitu au shamba lolote la jirani. Nyoka hajui kivuli ni nini. Anajua ukali tu, na ukimwacha karibu na hapo atajilaza palepale na kukuletea mpaka ambao saa nane mchana haupo.

Juu kwenye vishamba tatizo ni jingine, nalo linahesabika. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Pikseli moja ya Sentinel-2 ina upande wa mita 10, yaani mita za mraba 100. Basi shamba zima ni pikseli kumi. Zipange mbili kwa tano: hakuna hata moja iliyo ndani, zote zinagusa mpaka. Kwa setilaiti za Landsat, zenye pikseli za mita 30, shamba hilo ni pikseli moja na kidogo. Nyoka hawezi kuzunguka nukta. Ukirusha ndege nyuki upate picha ya sentimita chache, unahamia upande wa pili wa balaa: kila jani la mgomba lina ukingo, kila tuta lina ukingo, na mpaka wa jirani ni mmojawapo tu kati ya maelfu.

Tony Chan na Luminita Vese walipendekeza mwaka 2001 kwamba mstari usifuate ukingo, bali ulinganishe wastani wa mwangaza wa ndani na wa nje. Ni wazo zuri sana kwa uvimbe kwenye picha ya hospitali. Lakini shamba mseto halina wastani wake. Mahindi yaliyo ndani yanafanana na mahindi ya jirani kuliko yanavyofanana na migomba iliyo umbali wa hatua tatu kutoka kwayo.

Nitajibiwa kwamba haya yamepitwa na wakati, kwamba mitandao ya neva, hasa tangu U-Net ya mwaka 2015, hujifunza yenyewe. Nakubali nusu. Ramani ya majengo ya Afrika iliyotolewa na Google mwaka 2021 inaonyesha mitandao hiyo inaweza kazi, lakini nyumba ina paa, na paa lina ukingo unaoonekana angani. Mtandao hujifunza kutoka kwa mipaka maelfu iliyokwisha kuchorwa na watu; ukiufundisha kwa mashamba makubwa ya tambarare kisha ukauleta Irente, utatafuta mkonge ndani ya migomba. Tena utatoa jibu bila kusema uliliegemeza kwa nani.

Usambara ina kumbukumbu ya mistari iliyowekwa bila ridhaa ya wenyeji. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Wasambaa wa bonde la Mlalo kulima kwa matuta, mpango ukapingwa hadi ukakwama. Mwanahistoria Steven Feierman amelieleza pambano hilo katika kitabu chake cha 1990. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imefuata njia tofauti: uhakiki wa mipaka hufanywa kijijini, na madai ya majirani husikilizwa.

Nyoka anaweza kuingia katika utaratibu huo. Mwenye shamba na jirani yake wanatembea mpakani, wanaonyesha mgrevilea, wanaweka nukta kumi na mbili juu ya picha. Kompyuta inanyoosha kilichobaki, na mwakani mstari huohuo unakuwa wa kuanzia. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wanaochora ramani za milima hii: chini ya kila ramani andikeni thamani ya alfa, thamani ya beta, na ni nani waliokuwepo mstari wa kwanza ulipowekwa.