Barazani, Mji Mkongwe wa Zanzibar
Wageni huipiga picha milango; wenyeji hukaa kando yake, kwenye benchi la mawe lililoshikana na ukuta. Hilo ndilo baraza. Alasiri huchezwa bao na dhumna, na kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele hadi vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni. Mvua ya masika ikijaza uchochoro maji, baraza hugeuka njia ya kupita.

UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini bado ni mtaa wa watu. Mama atokaye soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, husimama na kikapu chake cha samaki akingoja wageni wamalize picha mlangoni pake.

Kuzitunza nyumba za mji huu ni kazi ghali. Kuta za mawe ya matumbawe hutaka chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani. Nyumba kadhaa zimekuwa hoteli, na hilo linauma, maana baraza ya hoteli haina jirani.

Ukiwakuta wenyeji wamekaa barazani, toa salamu kwanza, kisha omba ruhusa ya kupiga picha.