CHIKANDA: Mkate wa Soda Usio na Yai Wala Maziwa, na Maua Yanayolipia

Siku hizi ukifungua simu tu lazima ukutane nao. Mtu kavaa aproni safi, nyuma yake jiko la kisasa linang'aa, anakuonyesha mkate wa chini ya saa moja. Hauna hamira, hauna yai, hauna hata tone la maziwa. Soda kidogo, limao kidogo, unaingia kwenye oveni, kwisha habari. Anautangaza kama umegunduliwa wiki iliyopita, na watu wa mjini wanahifadhi video wakisubiri Jumapili.

Sasa wadau, huko Nyanda za Juu Kusini, ukanda wa Mbeya na Iringa ya zamani mpaka kwenye geti la Tunduma, kuna kitu kinapita mikononi mwa watu miaka yote hii. Kinaiva kwa soda, kinakatwa vipande kama mkate, hakina nyama, yai wala maziwa, na hakijawahi kusubiri mtu akiite chakula cha vegani. Kinaitwa chikanda. Waliokibuni hakuna anayewajua majina. Wanaochimba malighafi yake hakuna anayewajua pia. Na kadiri kinavyopendwa, ndivyo milima ya Makete inavyozidi kupoteza maua yake.

Kwanza huu mkate wa video, maana nao una historia. Nyumbani kwake kunakojulikana zaidi ni Ireland, miaka ya 1840, soda ya kupikia ilipoanza kupatikana madukani. Ngano ya kule ilikuwa laini, haielewani sana na hamira, na nyumba nyingi hazikuwa na oveni. Basi wakachanganya unga, chumvi, soda na maziwa yaliyochachuka, wakafunika kwenye chungu cha chuma juu ya moto. Uchachu wa maziwa ukikutana na soda unatoa gesi ileile inayotoa povu kwenye soda ya chupa, na gesi hiyo ndiyo inaumua mkate. Ukiweka limao au siki badala ya maziwa, kazi ni ileile. Mwaka 1843 huko Birmingham, Uingereza, mkemia Alfred Bird alitengeneza unga wa kuumulia kwa sababu mke wake alikuwa hapatani na hamira. Huyohuyo ndiye aliyetengeneza kastadi isiyo na mayai, kwa sababu mke wake hakupatana na mayai pia. Jina la Bird lipo kwenye makopo mpaka leo. Mke wake, ambaye tumbo lake ndilo lililoanzisha yote, wengi wanamtaja tu kama "mke wa Bird".

Hiyo tabia ya majina kupotea jikoni iendelee kukumbukwa, maana inarudi.

Mkate wa ngano ulipanda milima ya kusini na wageni. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wenzao wa Berlin wakaja kipindi hichohicho upande wa Ziwa Nyasa. Iringa, Wajerumani walijenga boma lao wakati vita na Mkwawa havijapoa. Tosamaganga wakakaa Wabenediktini, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Miaka ya 1940 wakaletwa wakimbizi wa Kipolandi, watu waliokuwa wamepitia Urusi na Uajemi kabla ya kujikuta Ifunda na Kidugala. Makaburi yao bado yapo. Wote hao walikuwa watu wa mkate. Ukisoma habari zao utakuta majina ya mapadre, wachungaji na maofisa, na tarehe walizofika. Aliyechota maji, akakanda unga na kupuliza moto saa kumi alfajiri ameandikwa "mpishi", au hakuandikwa kabisa.

Kwa mwananchi wa kawaida mkate uliendelea kuwa kitu cha mjini, cha wageni na cha mgonjwa. Halafu miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, hata huo wa mjini ukaadimika. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wa ngano foleni. Wazazi waliokuwa vijana kipindi hicho wakisikia leo kuna watu wanaacha mayai na maziwa kwa hiari na wanapiga picha, wanacheka tu. Wao walishakula bila hivyo vitu na hakuna aliyewapongeza.

Tukio lenyewe la chikanda lilikuwa linaendelea pembeni muda wote huo, bila foleni.

Chikanda asili yake inajulikana zaidi kwa Wabemba wa kaskazini mwa Zambia, na upande wa Tanzania wapo waliokuwa wanakila tangu zamani, hasa maeneo yanayopakana na nchi hiyo. Kinatokana na okidi, yale maua ya porini yanayoota kwenye nyasi za milimani. Chini ya ua kuna kiazi kidogo, wakati mwingine hakizidi kidole gumba. Viazi hivyo vinaoshwa, vinakaushwa juani, vinatwangwa kwenye kinu mpaka viwe unga. Karanga mbichi nazo zinatwangwa. Sufuria linabandikwa na maji, karanga, chumvi na pilipili. Ikichemka inawekwa soda, halafu unga wa okidi unaingia kidogo kidogo huku mtu anasonga. Hapo ndipo maajabu yanaanza: mchanganyiko unakuwa mzito, unavutika, unashikana. Unafunikwa, makaa yanapangwa juu ya mfuniko, moto chini na juu. Ukishaganda unatolewa, una rangi ya kahawia, unakatwa kwa kisu vipande vinene. Wazambia wenyewe wanautania kwa kuuita poloni ya Kiafrika, ile soseji nene ya kukata, isipokuwa hii haina nyama hata chembe.

Angalia kazi ya soda hapo. Kwenye mkate wa Ireland inaumua. Kwenye chikanda haiumui kitu, inasaidia ule ute wa okidi kushikana. Na kabla ya kipakiti cha dukani, wapishi wa ukanda huu walijua kuchuja maji ya majivu na kuyatumia kulainisha mboga na vyakula vigumu. Magadi ya mawe nayo, kama yale yanayotoka ziwa Natron na ziwa Magadi, ni ndugu wa damu wa hiyo soda nyeupe. Kwa hiyo elimu ya "weka kitu cha magadi kwenye chakula kibadilike" haikuja na meli. Ilikuwepo, ila haikuwa na nembo wala picha ya mzungu mwenye masharubu.

Na si huku tu watu waligundua kiazi cha okidi. Waturuki wanasaga cha kwao, wanakiita salepu, wanapika kinywaji cha moto na ile aiskrimu yao inayovutika kama mpira. London karne ya 18 kilikuwa kinauzwa barabarani asubuhi kabla chai na kahawa hazijashuka bei. Uturuki walipoona okidi zao zinakwisha walizuia kuuza viazi hivyo nje ya nchi.

Kwetu hadithi ilienda upande mwingine. Wabemba walipohamia miji ya migodi ya shaba, Kitwe, Ndola na kwingineko, chakula chao kiliwafuata. Kutoka kuwa chakula cha kijijini, chikanda kikawa kitafunwa cha stendi, sokoni, harusini, mwishoni kikaingia mpaka kwenye maduka makubwa ya Lusaka. Walaji waliongezeka, okidi za Zambia zikapungua. Wafanyabiashara wakatazama kaskazini mashariki, na huko wakakuta milima ya Tanzania imejaa maua.

Hapo ndipo wanapoingia watu ambao hakuna blogu inayowapiga picha. Kuna mchimbaji. Mara nyingi ni mama au watoto wa kijijini Makete, Mbeya vijijini au Rukwa, wenye jembe dogo na mfuko, wanaotambua kiazi kizuri kwa kutazama majani tu. Kuna mnunuzi anayepita kijijini na kupima kwa debe. Kuna dereva asiyeuliza kilichomo kwenye gunia. Kuna mama wa Tunduma anayejua nani anavusha na kwa njia ipi. Mwisho kabisa kuna mpishi upande wa pili anayeuza kipande kwa mtu anayekula akisubiri basi. Kila mmoja anachukua chake, na kama kawaida ya biashara hizi, anayeinama shambani ndiye anayebaki na kidogo zaidi. Kwake hiyo ni ada, ni daftari, ni chumvi ya nyumbani. Kumwita mharibifu ukiwa umekaa mjini ni rahisi mno.

Lakini hesabu inatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu biashara hii Nyanda za Juu Kusini ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vinavushwa kila mwaka kwenda Zambia. Kila kiazi kikitoka, mmea umekufa. Okidi si mchicha kwamba utamwaga mbegu leo na kuvuna mwezi ujao. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, zinahitaji aina fulani ya kuvu kwenye udongo ili ziote, na mmea unachukua miaka mpaka utoe ua. Kwa hiyo debe moja la viazi ni kipande cha mlima ambacho mwaka kesho hakitakuwa na kitu.

Biashara hiyo ndiyo moja ya sababu zilizofanya nyanda za Kitulo zilindwe. Wenyeji walikuwa wanaziita Bustani ya Mungu tangu hapo. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, si simba wala tembo. Ina aina zaidi ya 40 za okidi, na kati ya Desemba na Aprili ukipita kule utadhani mtu kamwaga rangi. Wakati huo Makete ilikuwa bado mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijawa mkoa. Tunduma nayo ilikuwa Mbeya, Songwe imekuja baadaye. Okidi zote za porini pia ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, CITES, kwa hiyo kuvusha gunia bila kibali ni kosa.

Je, uchimbaji uliisha? Watafiti waliorudi miaka kumi baadaye waliikuta biashara bado ina nguvu, tena wachimbaji wanaenda mbali zaidi kutafuta. Ukizungushia uzio mlima mmoja huku bei ya kiazi inapanda, jembe linahamia mlima wa jirani. Aliyewaza kwamba askari wa hifadhi peke yake atamaliza jambo hili hajawahi kukaa stendi ya Tunduma.

Kuna upande mmoja wa habari hii ambao watu wa mjini wanaurukaga. Ukiondoa okidi, kila kitu kingine kwenye chikanda ni halali na kipo sokoni: karanga, pilipili, chumvi, soda, makaa ya juu na chini. Na ngano inalimwa kwenye milima hiyohiyo, Makete, Njombe na Mbeya, ingawa nyingi inayoliwa nchini bado inaagizwa nje. Yaani mkate wa soda wa karanga, bila ua hata moja kung'olewa, unawezekana kabisa kwenye jiko la mkaa la Soweto Mbeya au Kihesa Iringa.

Unafanyika hivi. Unga wa ngano vikombe 3, karanga zilizokaangwa na kutwangwa robo tatu ya kikombe, soda ya kupikia kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili ya unga ukipenda. Soda iwe ile ya chakula, usithubutu ile ya kutengenezea sabuni. Chekecha soda na unga vizuri, bonge moja likibaki litakuwa chungu mdomoni. Pembeni changanya maji kikombe kimoja na robo, ndimu au siki vijiko vikubwa 3, mafuta ya alizeti vijiko 2. Mimina kwenye unga, changanya haraka, usikande kama chapati. Gesi inaanza kutoka hapohapo, ukichelewa itaishia kwenye bakuli. Tengeneza duara, kata alama ya msalaba juu, weka kwenye sufuria zito lililopakwa mafuta na kupashwa moto. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika 40 hadi 45. Gonga chini ya mkate, ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani umeiva. Usiukate ukiwa wa moto, utabomoka wote.