Kutoka Meza ya Fundi Redio hadi Maikrokontrola: Historia Fupi ya Elektroniki Dodoma

Mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya kuamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, kufuatia hasara iliyotokana na mfumo wa hesabu wa Hazina. Na mwaka huo huo kampuni ya Marekani ya Texas Instruments ilianza kuuza TMS1000, mojawapo ya maikrokontrola za kwanza, yaani kompyuta nzima, pamoja na kumbukumbu yake na njia za kupokea na kutoa ishara, iliyokusanywa katika kipande kimoja cha silikoni.

Amri hiyo, iliyolegezwa polepole katika miaka iliyofuata, haikuigusa redio. Katika vijiji vya Ugogo, eneo linaloizunguka Dodoma, visivyo na umeme, ambako betri zilizochoka zilianikwa juani ili zitumike siku moja zaidi, fundi redio ndiye aliyekuwa mwalimu pekee wa elektroniki, na mwanafunzi wake alijifunza kwa kufungua, kupima kwa mita, kung'oa transista iliyoungua na kulehemu nyingine iliyotolewa kwenye redio mbovu. Elimu hiyo haikuwa na cheti, lakini ilikuwa na faida moja kubwa: kosa lilikuwa na mahali pake, na mahali hapo paliweza kuguswa.

Maikrokontrola iliuvunja utaratibu huo, kwa kuwa waya zote zaweza kuwa sahihi na kosa likawa katika programu, ambamo mita haifiki. Bodi ya maikrokontrola ya Arduino, iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi, ilipunguza ugumu huo, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, zana za namna hiyo zilikuwa tayari zimeanza kuuzwa kwa bei nafuu. Hata hivyo bodi ya majaribio, ambamo vifaa huchomekwa bila kulehemiwa, humpa mwanafunzi wepesi ambao fundi wa zamani angeutilia shaka, na pengine kwa haki.

Uwanda wa Dodoma wenyewe humsahihisha mwanafunzi huyo. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, hivyo kupima unyevu wa udongo ili kumwagilia mizabibu, kama ile ya Makutupora, ni zoezi lenye maana. Lakini kipimo rahisi chenye miguu miwili ya chuma, kikiachwa na umeme mfululizo, huliwa na kutu ardhini, na dawa yake ni kuandika programu inayokiwasha kwa nukta chache tu wakati wa kusoma.