Kabila Zima Mbele ya Hukumu ya Mungu

Mwezi wa Februari 2023 ugomvi juu ya udongo uliwaka katika komini ya Lubunga, ngambo ya kushoto ya mto Kongo, kati ya Wambole na Walengola. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na wengi walivuka mto kukimbilia upande huu wa Kisangani. Wabatizwa walikuwamo pande zote mbili. Siku zile tulisikia neno moja, hata midomoni mwa watu wa kusali: «Mungu amewaazibu wale.» Wale, maana yake kabila zima, pamoja na mtoto wa mgongoni.

Neno hilo si geni. Wakristu wa kwanza walilijua, kwani walitupiwa wao wenyewe. Karibu na mwaka wa 197, huko Karthago katika Afrika ya Kaskazini, Tertuliano aliandika kwamba wapagani wanawaita wakristu jamii ya tatu, kana kwamba hawakuumbwa kama watu wengine. Mto wa Roma ukifurika, au Nili isipofurika, au njaa ikiingia, kosa ni la wakristu, na kundi linalia watupwe kwa simba.

Je, wakristu walijibu namna gani? Tusifiche: si kila mara vizuri. Karibu na mwaka wa 252, wakati wa tauni, Mtakatifu Cipriano, Askofu wa Karthago, alimjibu mpagani mmoja, Demetriano. Alisema kwamba mabaya yale yanakuja juu ya wapagani, kwa sababu wanakataa kumwabudu Mungu wa kweli. Kwa maoni yetu, huo ni mkuki uleule, umegeuzwa ncha tu.

Lakini mwaka wa 251, alipowaandikia wakristu wake juu ya wale walioanguka katika mateso ya Kaisari Decius, alisema lingine. Mateso yalikuja kwa makosa yetu sisi. Tena hakuwaficha maaskofu wenzake, walioacha watu wao na kuzunguka wakitafuta faida, huku wandugu wakiona njaa. Hapo tunakumbuka barua ya kwanza ya Petro (4, 17), inayosema kwamba hukumu inaanza katika nyumba ya Mungu. Barua hiyohiyo (2, 9) ndiyo inayotuita taifa takatifu! Tunapenda kuhubiri sura ya pili, ya nne tunaipita mbio.

Wagoti walipoiteka Roma mwaka wa 410, masingizio yalirudi. Mtakatifu Augustino alijibu kwa vitabu 22 vya Mji wa Mungu. Moto mmoja, asema, unang'arisha zahabu na kutoa moshi katika majani makavu; taabu ileile haionyeshi nani ni mwema. Miji miwili imechanganyika mpaka siku ya mwisho, na kati ya adui wa leo wamo raia wa kesho.

Labda mseminari atatuuliza: lakini Mateo 25, 32 inasema mataifa yote yatakusanywa? Ndiyo. Asome Kigiriki. Neno «mataifa» halina jinsi ya kiume wala ya kike. Lakini «atawatenga» linafuatwa na neno la kiume: ni watu wanaotengwa, mmoja na mwenzake. Na wanaulizwa juu ya mkate, maji na nguo.

Mwaka uleule wa 251 maaskofu walikutana Karthago kuamua juu ya walioanguka. Hawakuwafukuza wote pamoja, wala hawakuwapokea wote pamoja. Waliamuru kila shauri lichunguzwe peke yake: nani alitoa sadaka kwa miungu, nani alinunua karatasi tu, nani alilazimishwa. Kazi ndefu, yenye kuchosha. Padri na katekista wa Lubunga wanayo kazi hiyohiyo: kusikiliza mmoja mmoja, nani alichoma nyumba, nani alinyamaza, nani alimficha jirani wa kabila lingine nyumbani mwake.